Somo: Barua pepe isipofika, au ikifika imeharibika

Ndugu zangu, barua ikikwama wengi hukimbilia kubadili mipangilio. Nawasihi, msiguse kitu kwanza. Barua yenyewe hubeba habari za safari yake.

Hatua ya 1: Soma barua iliyorudi
Tafuta namba yenye tarakimu tatu. Ikianza na 4, seva ya pili (kompyuta inayopokea barua) imeahirisha tu, na seva yako itajaribu tena yenyewe. Usiitume upya mara kumi. Ikianza na 5, imekataliwa. 550 5.1.1 ina maana anwani haipo, kwa hiyo ikague herufi kwa herufi. Ukiona 5.7 na namba nyingine mbele yake, tatizo ni ruhusa au usalama: kagua mambo matatu yaliyotajwa katika hatua ya 2.

Hatua ya 2: Haikurudi, wala haikuonekana
Mwombe mpokeaji atazame kwenye spamu. Akiikuta, afungue chanzo chake kamili, yaani maandishi ghafi ya barua yenye habari za safari. Mistari inayoanza na "Received" husomwa kutoka chini kwenda juu, maana kila seva hugonga muhuri wake juu ya uliotangulia. Linganisha saa, utaona ilikolala.

Kisha tafuta "Authentication-Results". Hapo kuna mambo matatu. SPF ni orodha ya seva ulizoziruhusu kutuma kwa jina la domeini yako (sehemu ya anwani baada ya @). DKIM ni sahihi inayothibitisha kwamba barua haikuchezewa njiani. DMARC humwambia mpokeaji afanye nini hayo mawili yakishindwa. Tangu Februari 2024, Gmail na Yahoo huwadai wanaotuma kwa wingi wawe na yote matatu. Hata kama unatuma barua tano kwa siku, yaweke. Sioni sababu ya kusubiri.

Hatua ya 3: Imefika, lakini haisomeki
Umeandika "ng’ombe", mwenzako kaona "ngâ€™ombe". Barua iliandikwa kwa UTF-8 ikasomwa kwa Windows-1252, ambazo ni aina mbili za usimbaji, yaani njia ya kugeuza herufi kuwa namba. SMTP ya mwaka 1982, kanuni ya kusafirisha barua pepe, ilijua herufi za ASCII tu (herufi za msingi za Kiingereza). MIME, kanuni iliyoongezwa baadaye, ndiyo iliyokuja kuruhusu nyingine, kwa sharti kwamba barua itaje usimbaji wake. Kwa hiyo weka UTF-8 kwenye programu inayotuma, na uhakikishe barua inautaja.

Muundo ukivurugika kwenye Outlook ya zamani (classic) ya Windows pekee, kumbuka kwamba tangu toleo la 2007 ilianza kuchora barua kwa injini ya Word. Tumia majedwali mepesi.

MASWALI

Swali: Mkuu, nimetuma PDF, mteja anasema kapata winmail.dat. Ni virusi?
Jibu: Hapana. Outlook yako imetuma kwa muundo wa Rich Text, na viambatisho vimefungwa ndani ya faili hilo. Badili uwe HTML, kisha utume tena.

Swali: Kikomo ni MB 25, mbona faili langu la MB 20 limekataliwa?
Jibu: Kiambatisho hugeuzwa kuwa maandishi kwa base64, na hapo huvimba kwa theluthi moja. MB 20 zako zimekuwa kama 27. Usizidi 18, au tuma kiungo.

Swali: Nikituma moja kwa moja inafika. Mtu akiisambaza mbele kutoka seva yake, SPF inashindwa. Nimekosea wapi?
Jibu: Hujakosea, dada. Seva inayosambaza haimo kwenye orodha yako. Tegemea DKIM, kwani sahihi hubaki halali iwapo waliosambaza hawakuongeza kitu kwenye kichwa cha habari wala mwilini. Wakiongeza hata mstari mmoja wa tangazo chini ya barua, nayo inaweza kuvunjika, kwa hiyo waombe wauondoe.