Kabla hujawasha mashine ya kuchomelea

Nilipokuwa saidia fundi, siku moja nilishika bomba la geti mchana kutwa huku fundi akichomelea. Barakoa ya kuchomelea ilikuwa moja, yake. Mimi nilikuwa nageuza uso. Jioni nikala, nikalala vizuri. Saa nane usiku niliamka macho yamejaa kama mchanga wa pilipili, machozi yanatiririka, hata mwanga wa simu siuwezi.

Miale ya urujuanimno, ile miale isiyoonekana inayotoka kwenye moto wa kuchomelea, haiumi wakati inakuunguza. Konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, inaungua kama ngozi iunguavyo juani, na maumivu huja saa kadhaa baadaye, kazi imeshaisha. Kwa hiyo usisubiri jicho likuambie.

Anza na kioo cha barakoa. Kwa vijiti vya kuchomelea vya milimita 2.5 au 3.2, weka kioo cheusi namba 10 au 11, na mbele yake kioo cheupe cha kupokea cheche. Cheusi kikipata ufa, tupa. Miwani ya jua haifai kabisa: pembeni iko wazi, na haikuzuilii vya kutosha miale ya joto, ambayo kwa miaka mingi huweza kuleta mtoto wa jicho.

Anayekushikia chuma naye avae barakoa yake. Kama hana, tumia klempu ya kubania chuma, yeye akae mbali. Sema "nawasha!" kabla ya kugusisha kijiti. Zungushia turubai upande wa barabara, maana watoto wanaupenda sana ule moto.

Vaa shati zito la pamba, mikono mirefu, kola imefungwa. Mwaka 2017 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka miale ya kuchomelea kwenye kundi la visababishi vya saratani. Mawimbi ya redio, pamoja na ya simu, lilishayaweka mwaka 2011 kwenye kundi la vitu ambavyo "huenda" vinasababisha saratani. Wateja huniuliza kuhusu mnara wa simu huku wanautazama moto wangu kwa macho makavu. Inanisikitisha.

Ukishaungua: kaa gizani, weka kitambaa cha maji baridi juu ya kope, meza paracetamol, usisugue. Usitie maziwa wala maji ya kiazi. Matone ya ganzi usiende nayo nyumbani, yanachelewesha konea kupona. Kwa kawaida hupoa ndani ya siku 2. Yasipopoa, au ukiona ukungu, au kipande cha chuma kimerukia jichoni, nenda hospitali siku hiyo hiyo.