Somo: Kuongeza RAM kwenye madabodi

Wakuu, salaam. Naletewa kompyuta nyingi ambazo wenyewe wanaapa madabodi (ubao mkuu wa kompyuta) imekufa tangu waongeze RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta). Nyingi hazijafa, ni RAM tu haijakaa sawasawa. Kwa hiyo nitakawia kwenye kununua na kuchomeka, ndiko watu wanakopotea.

Hatua ya 1: Jua madabodi yako inapokea nini

Usitoe hela kabla ya hapa. Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ingia Performance, kisha Memory. Utaona una GB ngapi, spidi yake, na sloti ngapi zimeshatumika. Wa Linux waandike `sudo dmidecode -t memory`. Jina la madabodi limechapwa kwenye ubao wenyewe. Ukishalipata, nenda tovuti ya mtengenezaji uangalie mwisho wa RAM inayopokea ni GB ngapi.

Kisha aina. DDR3, DDR4 na DDR5 haziingiliani kabisa. DDR4 na DDR5 za desktop zote zina pini 288 na urefu uleule, ndiyo maana watu wanachanganya. Lakini lile pengo dogo la chini limewekwa mahali tofauti makusudi, kwa sababu hata umeme wake si mmoja: DDR4 ni volti 1.2, DDR5 ni volti 1.1. Ikikataa kuingia, tafadhali usiilazimishe. Laptop inatumia RAM fupi, na nyingine RAM imechomelewa kwenye ubao, hakuna sloti ya kuongeza.

Jambo moja linasahaulika: Windows ya biti 32 haivuki GB 4, hata ukiweka 16.

Hatua ya 2: Ondoa umeme wote

Zima, chomoa waya ukutani, kisha shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili chaji iliyobaki iishe. Laptop, toa na betri. Gusa chuma kitupu cha kasha kabla ya kushika RAM, na uishike kwa kingo zake.

Hatua ya 3: Chomeka

Kama una sloti nne na RAM mbili, madabodi nyingi zinataka ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Hapo RAM zinafanya kazi kwa njia mbili kwa pamoja. Hakikisha kwenye kitabu cha madabodi yako.

Fungua vishikizo. Baadhi ya madabodi zina kishikizo upande mmoja tu, usihangaike kutafuta cha pili. Linganisha pengo, simamisha RAM wima, weka kidole gumba kila mwisho, kisha kandamiza pande zote kwa nguvu sawa mpaka usikie "ta!" na kishikizo kijifunge chenyewe. Inahitaji nguvu kuliko unavyodhani. Sasa inama uangalie kwa ubavu: ukiona mstari wa dhahabu umejitokeza zaidi upande mmoja, haijaingia. Toa, rudia.

Hatua ya 4: Washa

DDR5 mpya inaweza kukaa na kioo cheusi dakika kadhaa mara ya kwanza, madabodi inajipima na RAM. Usizime. Ikiwaka, ingia BIOS (mipangilio ya madabodi yenyewe) uwashe XMP au EXPO (mpangilio wa kuipa RAM spidi yake kamili), la sivyo RAM uliyoinunua kwa ajili ya spidi itatembea kwa spidi ya kawaida.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, nina GB 8 ya spidi 2400, nikiongeza GB 8 ya spidi 3200 zitagombana?*
Kama zote ni DDR4, kwa kawaida zinakubali, ila zote zitatembea kwa 2400. Ukiweza, nunua pacha.

*Nimechomeka, inapiga bip mfululizo na kioo hakiwaki. Nimeua?*
Pole ndugu, bado usikate tamaa. Niliwahi kushinda siku nzima nabadilisha pawa saplai, kumbe ni vumbi ndani ya sloti. Chomoa umeme, toa RAM zote, puliza sloti kwa blowa, sugua pini za dhahabu taratibu kwa raba ya penseli, pangusa, kisha jaribu RAM moja moja. Ikiwaka kwa moja na kukataa kwa nyingine, hapo umempata mgonjwa.

*Nimeweka GB 16 lakini Windows inasema ninayoweza kutumia ni 13.9. Nimepunjwa?*
Hapana. Kama huna kadi ya picha ya pembeni, picha zinachukua sehemu ya RAM. Kiasi hicho kinaweza kupunguzwa kwenye baadhi ya BIOS.

*Nikipanda mpaka 32 kompyuta itakimbia?*
Fungua kazi zako zote kama kawaida, rudi pale kwenye Memory. Ikiwa inasoma asilimia 50, hela hiyo kanunue SSD (diski ya kasi isiyozunguka) kama bado unatumia hard disk ya kuzunguka. Ikiwa inagusa 90, ongeza RAM leo.