Pete imerudi na kasoro kutoka kwa sonara: namna ya kudai

Ugomvi na sonara karibu kila mara ni wa "nilikupa hivi, umenirudishia vile", na asiye na karatasi ndiye anayeumia. Ndiyo maana madai huanza siku unayopeleka pete, si siku unayoichukua.

Kabla ya kuipeleka, ioshe kwa maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo na mswaki laini, kisha ikauke. (Lulu ifute tu kwa kitambaa.) Uchafu ulioganda chini ya jiwe una uzito, nao ndio kisingizio cha kwanza utakachosikia gramu zikipungua. Piga picha za karibu: jiwe kwa juu na kwa ubavuni, kucha zinazolishika, na chapa iliyo ndani ya pete. Chapa 375 ni karati 9, 585 ni karati 14, 750 ni karati 18, 916 ni karati 22.

Pete ipimwe mbele yako, kwenye mizani inayosoma hadi gramu 0.01, na risiti iandikwe kwa ukamilifu huu:

"Pete moja, dhahabu ya njano, chapa 750, gramu 4.20 pamoja na jiwe. Almasi moja ya duara, kipenyo mm 4.1, ina doa dogo jeusi karibu na ukingo. Kupunguza kipenyo cha ndani kutoka mm 18.2 hadi 16.6. Kipande kitakachokatwa kirudishwe."

Ongeza bei na tarehe ya kuchukua. Geuza risiti usome nyuma pia. Maneno kama "hatuwajibiki kwa mawe" hayamkingi fundi mzembe katika nchi nyingi, lakini ukitia saini onyo mahususi, mathalani kwamba zumaridi yako ina ufa na huenda ikapasuka, dai lako limepungua nguvu.

Siku ya kuchukua, pima kwanza, lipa baadaye. Hesabu ya pete hiyo ni hivi. Kupunguza kipenyo kwa mm 1.6 ni kukata takriban mm 5 za mzunguko (1.6 × 3.14). Kama mduara una upana wa mm 2 na unene wa mm 1.5, kilichokatwa ni mm 15 za ujazo, na dhahabu ya karati 18 ikiwa na takriban gramu 15.5 kwa kila sentimita moja ya ujazo, hiyo ni gramu 0.23. Msasa na kung'arisha hula kidogo zaidi. Pete ikirudi na gramu 3.90 hakuna ugomvi. Ikirudi na 3.60, uliza hizo gramu 0.3 za ziada zimekwenda wapi, na kipande kilichokatwa kiko wapi.

Kisha tazama kwa lenzi inayokuza mara 10. Mstari wa rangi tofauti kwenye kiungo maana yake lehemu si ya rangi au karati inayolingana; vitundu maana yake kiungo ni dhaifu na kinaweza kukatika. Dhahabu nyeupe iliyogeuka njano mahali palipochomwa imepoteza rodi tu, yaani metali nyeupe inayopakwa juu yake: irudishwe ichovywe upya, haifai kugombana. Almasi yenye ukungu ilipigwa moto bila kukingwa kwa asidi ya boriki, nayo huponywa kwa kung'arishwa upya, ikipungua uzito. Zumaridi, opali na tanzanaiti zikipasuka, fundi alipaswa kuzitoa kabla ya moto. Mwisho, weka pete sikioni uigonge kwa kidole: ikilia kama njuga, jiwe limelegea.

Ukikuta kasoro, acha kuivaa. Usimpe fundi mwingine airekebishe, kwa sababu akishaigusa ushahidi umekwisha. Anaweza kuikagua na kukuandikia ripoti yenye vipimo na sababu ya kasoro, na ni bora asijue nani aliyeitengeneza. "Kaharibu huyu" ya mdomo haikusaidii kitu.

Jiwe ukidhani limebadilishwa, usimwite mtu mwizi mbele ya wateja. Unaweza kugeuka mshtakiwa wewe. Linganisha doa, vipimo, na namba iliyochongwa kwa leza ukingoni mwa jiwe, kama almasi ina cheti. Visipolingana, hilo ni la polisi.

Kwa mengine, andika barua fupi: tarehe, mlichokubaliana, ulichokuta, na jambo moja unalotaka, yaani arudie kazi, arudishe fedha, au alipe gharama ya fundi mwingine. Mpe siku 14 na ubaki na nakala. Akikataa kukupa pete mpaka umlipe, fahamu kwamba sheria za nchi nyingi zinamruhusu fundi kushikilia kitu mpaka alipwe. Lipa, lakini andika kwenye risiti "nimelipa huku nikipinga", uichukue, kisha udai. Ulilipa kwa kadi? Iulize benki yako kuhusu kupinga malipo.

Asipojibu, peleka karatasi, picha na ripoti hizo kwenye chombo cha kutetea walaji au mahakama ya madai madogo. Dai thamani ya pete ilivyokuwa siku ulipoikabidhi, si bei ya mpya dukani, na uambatanishe risiti ya kuinunua au tathmini ya zamani.