Mtoto wa jicho juu ya meza ya maabara: jicho la ng'ombe, barafu na maji ya moto

Jina "mtoto wa jicho" huwapotosha wanafunzi. Wengi hudhani ni kingozi kinachoota juu ya jicho, nacho daktari hukikwangua. Kingozi hicho kipo, huanzia kwenye weupe wa jicho na kutambaa kuelekea katikati, lakini ni ugonjwa mwingine. Mtoto wa jicho uko ndani: lenzi yenyewe imegeuka ukungu. Saa mbili na macho manne ya ng'ombe zinatosha kulionyesha hilo kwa kidato cha tatu na kuendelea.

Agiza macho kwa mwenye bucha siku moja kabla, uyafuate alfajiri kabla wauza supu hawajabeba vichwa. Chukua ya mnyama aliyekaguliwa tu. Angalau mawili yawe ya ndama. Bila ndama jaribio la baridi halifanyi kazi, na sababu yake inakuja. Beba kwenye kopo lenye mfuniko, na usiyagandishe hata kidogo. Barafu ikijiunda ndani ya lenzi hupasua nyuzi zake, na ukungu wa namna hiyo hautoki tena.

Andaa maji ya chumvi: gramu 9 za chumvi kwa lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Huna mizani? Kijiko cha chai kimoja na nusu, kilichosawazishwa. Usitumie maji matupu, kwa kuwa lenzi huyanywa, huvimba na kuanza kufifia kabla hujaanza somo. Mwalimu hubaki akieleza ukungu alioutengeneza mwenyewe bila kujua.

Vaa glavu. Kata mafuta na misuli inayozunguka jicho. Toboa kwa ncha ya wembe nusu sentimita nyuma ya ukingo wa konea (kioo angavu cha mbele ya jicho), kisha zungusha mkasi mpaka sehemu ya mbele iachane na ya nyuma. Ute mzito utamwagika, na nyuma yake itaonekana rangi ya kijani na buluu inayong'aa. Hiyo ni ya ng'ombe, binadamu hana. Waache wanafunzi waishangae dakika mbili, maana bila hivyo hawatakusikiliza. Lenzi ina upana wa chini kidogo ya sentimita 2, nayo imeshikiliwa na nyuzi nyembamba pembeni. Zikate taratibu kwa mkasi, uichote kwa kijiko. Usiibane kwa kibano: kifuko chake kikitoboka, yaliyomo hutoka na lenzi hiyo haifai tena.

Iweke juu ya kipande cha gazeti. Herufi zinasomeka, tena zimekuzwa. Hapa simama kidogo, kwa sababu ndipo penye uzito wa somo zima. Wanafunzi wakiulizwa kwa nini lenzi inapitisha mwanga, hujibu kuwa ni maji. Sivyo. Karibu theluthi moja ya uzito wake ni protini, kiwango kikubwa kuliko karibu tishu nyingine yoyote mwilini. Nyingi ni kristalini, za aina tatu: alfa, beta na gama. Mwanga hupita kwa kuwa zimesongamana kwa mpangilio ulio sawasawa. Zikianza kushikana mafungu mafungu, kila fungu hutawanya mwanga, na jicho huona ukungu.

Sasa baridi. Tia lenzi ya ndama kwenye kikombe cha maji ya chumvi, ukizungushie barafu kwa nusu saa. Katikati patakuwa peupe kama maziwa. Ihamishie kwenye maji ya chumvi yenye nyuzi joto 37, na weupe utayeyuka. Kristalini za gama, ambazo zimejaa katikati ya lenzi changa, huvutana zikipoa na kuachana zikipata joto. Hazikuharibika, zilijitenga tu. Kadiri mnyama anavyokua ndivyo inavyohitajika baridi kali zaidi, kwa hiyo ng'ombe mzima atakuaibisha mbele ya darasa.

Kisha joto. Tumbukiza lenzi nyingine kwenye maji yanayochemka kwa dakika 5. Arusha maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, Moshi 97. Yanayochelewa kuiva kwa sababu hiyo ni maharage; protini hizi huganda mapema zaidi. Lenzi itakuwa nyeupe kama yai la kuchemsha. Irudishe kwenye maji ya vuguvugu usubiri unavyotaka, haitarudi: protini zimekunjuka na kukamatana. Spiriti hufanya vivyo hivyo, polepole, kuanzia nje.

Usiitupe hiyo iliyochemshwa. Ibanduebandue kwa kucha, itatoka tabaka kwa tabaka kama kitunguu. La nje ndilo jipya, la katikati ndilo la zamani kuliko yote. Seli za lenzi zikikomaa hupoteza kiini, kwa hiyo haziwezi kutengeneza protini nyingine. Protini za katikati ya lenzi ya bibi wa miaka 70 ni zilezile alizozipata akiwa tumboni mwa mama yake. Kinachozilinda ni kristalini za alfa, ambazo hudaka wenzao wanaokunjuka kabla hawajashikana. Lakini walinzi hawa nao wana idadi. Jua kali, moshi wa sigara na miaka huwatumia mmoja mmoja, na hapo ukungu huanza.

Walimu wengine huchovya lenzi kwenye sukari ili kuonyesha kisukari. Acha hilo, linafundisha kinyume. Sukari iliyo nje hunyonya maji kutoka kwenye lenzi, ilhali kwa mgonjwa sukari huingia ndani ya seli, ikageuzwa kitu kiitwacho sorbito, ikashindwa kutoka na kuvuta maji kuja ndani.

Swali la dawa ya matone halikosekani. Jibu liko mezani: waulize ni tone gani litakaloifanya lenzi iliyochemshwa iwe mbichi. Ndiyo maana hospitalini, kama ile ya rufaa ya KCMC huko Moshi, kazi hii ni ya upasuaji. Ili waone kinachofanyika, chukua lenzi nzima iliyobaki, chana kifuko upande wa mbele kwa ncha ya wembe na ukamue yaliyomo. Kifuko kitabaki, chembamba na angavu. Humo ndimo leo lenzi ya plastiki huwekwa. Ya kwanza aliiweka daktari wa macho Harold Ridley jijini London mwaka 1949.

Mabaki yafukiwe kwenye shimo mbali na mbwa. Meza ipanguswe kwa dawa ya klorini, na wembe uingie kwenye kopo gumu, usiingie kwenye ndoo ya taka.