Kufufua timu za chini kwenye Out of the Park Baseball

Ukirithi klabu kwenye mchezo huu wa kompyuta wa kuendesha klabu za besiboli, na timu zake za chini zinazolea wachezaji wa ligi kuu zimetelekezwa, usikimbilie kununua chipukizi. Fagia kwanza. Fungua kikosi cha Triple-A, ngazi iliyo chini tu ya ligi kuu, kipange kwa umri. Mpigaji wa miaka 28 asiye na dalili ya kufika ligi kuu anakula zamu za kijana, mwachie aende. Chipukizi anayesugua benchi hakui, hata awe na kipaji cha namna gani. Warushaji wa kuanza mechi ni watano kwa kila timu, kwani wa sita atabaki kutazama tu.

Halafu ngazi. Aliyepandishwa haraka kuziba pengo, sasa anagaragazwa Double-A, mrudishe High-A, ngazi moja chini yake, bila aibu na umwache huko miezi miwili hivi.

Panapoumiza zaidi ni orodha ya watu 40, yaani wachezaji ambao klabu inawalinda wasichukuliwe na klabu nyingine. Aliyesajiliwa akiwa na miaka 18 au chini ana misimu mitano ya kinga, wa 19 na zaidi minne. Ikiisha na hayumo kwenye orodha, anaweza kuchukuliwa na klabu nyingine kwa Rule 5, uteuzi wa wachezaji wasiolindwa. Lakini anayemchukua lazima amweke ligi kuu msimu mzima, kwa hiyo nafasi zako wape waliokaribia kuiva. Kuruta mbichi sana hathubutu mtu kumgusa.