Somo: Kuondoa Ã© kwenye majina ya watu (Linux za Ubuntu na Debian)

Shule zikianza tu kuandikisha wanafunzi, simu yangu inajaa swali lile lile: "Yaya, mbona Espérance ametoka EspÃ©rance?" Naandika hapa mara moja. Atakayeniuliza tena nitamtumia somo hili bila salamu.

1. Fungua terminali (dirisha la kuandikia amri), andika `locale`: inakuonyesha mpangilio wa lugha na herufi wa mashine. Ukiona C au POSIX (mpangilio wa msingi, usiojua é) kwenye mstari wa LANG, shida yako imeanzia hapo.

2. Weka Kifaransa cha UTF-8, yaani mfumo wa kuandika herufi za lugha zote. Ubuntu: `sudo locale-gen fr_FR.UTF-8`. Debian: `sudo dpkg-reconfigure locales`, kisha weka alama kwenye fr_FR.UTF-8 kwa kitufe cha nafasi, si kwa Entrée (Enter).

3. `sudo update-locale LANG=fr_FR.UTF-8`. Toka, ingia upya. Na usiongeze LC_ALL humo: inafunika mipangilio mingine yote, halafu utahangaika kutafuta kwa nini lugha haibadiliki.

4. Klaviye (kibodi): `sudo dpkg-reconfigure keyboard-configuration`, chagua Kifaransa.

5. Faili za zamani. Hapa soma polepole, maana hatua zote za juu hazigusi faili iliyoandikwa jana. Mashine inahifadhi herufi kama namba ndogo, baiti. Katika UTF-8, é ni baiti mbili: C3 na A9. Katika Windows-1252, mfumo wa zamani wa Windows, ni baiti moja tu, E9. Programu ikizisoma zile mbili kwa macho ya Windows, inaona herufi mbili, Ã na ©. Ikikuta E9 huku inatarajia UTF-8, haielewi kitu, inakuwekea �.

Ukiona Ã© usiogope, baiti zote bado zipo. Ukiona �, ondoa mkono kwenye Ctrl+S! Funga bila kuhifadhi. Programu nyingi ukihifadhi zinaiandika hiyo � yenyewe mahali pa herufi, na hapo hakuna amri itakayojua kama palikuwa é, è au ë. Nimeona orodha ya darasa zima ikijazwa upya kwa kalamu, mzazi mmoja mmoja akiulizwa jina la mtoto wake, kwa sababu ya kubonyeza huko.

Kwa hiyo tengeneza nakala kwanza, kisha uliza faili imeandikwa kwa mfumo gani:

`cp orodha.csv orodha_nakala.csv`
`file -i orodha.csv`

Ikisema utf-8, acha. Ikisema iso-8859-1 (inafanana sana na Windows-1252) na faili ilitoka Windows, basi igeuze kwa iconv:

`iconv -f WINDOWS-1252 -t UTF-8 orodha.csv > orodha_mpya.csv`

Jina la baada ya > LAZIMA liwe jingine. Ukirudia lile lile, terminali inaimwaga faili kabla iconv haijasoma hata mstari mmoja. Na usiendeshe amri hiyo mara ya pili juu ya faili iliyokwisha kupona, la sivyo utazitengeneza Ã© wewe mwenyewe.

MASWALI

Kijana wa Ruashi: Haitembei.

Mwandishi: Nini haitembei? `locale` inakuambia nini? Ulitoka ukaingia upya?

Kijana wa Ruashi: Kutoka bado.

Mwandishi: Toka.

Mama Sekretere: Asante papa. Yangu imekubali, ila kuna faili moja `file -i` inasema utf-8 na bado majina yana Ã©. Tena nikipanga kwa `sort` kwenye mashine ya kazini, Étienne anaenda chini kabisa, baada ya Zacharie.

Mwandishi: Mama, umeuliza vizuri. Faili hiyo mtu aliigeuza mara mbili. Irudishe nyuma hatua moja: `iconv -f UTF-8 -t WINDOWS-1252 mbovu.csv > nzuri.csv`. Amri inaonekana kinyume, lakini baiti zitakazotoka ndizo UTF-8 halisi. Kuhusu Étienne, mashine ya kazini iko kwenye C. Hapo `sort` inalinganisha baiti tu, na C3 ni kubwa kuliko Z. Kama fr_FR.UTF-8 imo kwenye mashine hiyo, jaribu `LC_ALL=fr_FR.UTF-8 sort majina.txt`. Hapa LC_ALL haina ubaya, inaishia kwenye amri hiyo moja.

Papa Windows: Mimi niko na Excel, nifanye yote hayo?

Mwandishi: Kichwa kinasema Ubuntu na Debian, papa. Haya: unapohifadhi chagua CSV UTF-8. Unapofungua usibonyeze faili mara mbili. Pitia menyu ya Données (Data), ingiza kama maandishi, chagua 65001, ndiyo UTF-8.

Mwana Kamalondo: Nyimbo zangu za Lingala zenye ɛ na ɔ je? Kuna mtu anazitaka kwa Windows-1252.

Mwandishi: Mkatalie. Herufi hizo hazimo kabisa katika Windows-1252, iconv itagoma. Baki UTF-8. Hata Lingala yenyewe ina mpangilio wake, ln_CD, tazama `/usr/share/i18n/SUPPORTED`.

Kijana wa Ruashi: Nimetoka, imekubali. Lakini saa iko nyuma saa moja.

Mwandishi: Uliweka Africa/Kinshasa. Sisi wa Lubumbashi tuko UTC+2, wao wa Kinshasa UTC+1. `sudo timedatectl set-timezone Africa/Lubumbashi`. Wa Goma na Bukavu pia watumie hiyo hiyo.

Mama Sekretere: Nami nawapa kitu: kwenye Linux, washa Caps Lock kisha bonyeza é, inatoka É. Hata ç inatoa Ç. Kwenye Windows nilikuwa nashika Alt na kuandika 0201.

Mwandishi: Naiongeza kwenye hatua ya 4, mama.