Kozi za mtandaoni za hisia nzuri kwa wenye sonona: namna ya kuzifanya usiishie njiani

Mtu ukimwambia una sonona na umejiunga na kozi ya intaneti inayokufundisha hisia nzuri anaweza kukucheka, na mie nilicheka kwanza, nilijua ndo yale yale ya jipe moyo wenzako wana shida kuliko wewe. Sio hivo bhana. Chanzo chake ni San Francisco miaka ya 1990, timu ya Susan Folkman walikuwa wanawahoji wanaume wanaouguza wapenzi wao wenye UKIMWI, wakaanza kulalamika mbona mnatuuliza ya huzuni tu, na walipoulizwa kuhusu mazuri karibu wote walikuwa na la kusema, yani katikati ya msiba wote ule. Baadae Judith Moskowitz wa chuo cha Northwestern, Chicago, akatengeneza mafunzo ya kuyatafuta hayo mazuri kwa makusudi, yakapelekwa na mtandaoni kwa watu wenye sonona.

Sasa unaanzaje. Jipime kwanza, ile fomu ya kupima sonona inayoitwa PHQ-9 ipo bure, maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja unajipa 0 mpaka 3. Swali la mwisho linauliza mawazo ya kufa au kujidhuru, ukiona hapo haujaandika 0 basi kozi weka pembeni, mwambie mtu wa karibu leo leo na mwende hospitali. Jumla ikifika 10 au zaidi nenda kamuone daktari pia, kozi utaendelea nayo, na kama unameza dawa usiziache kwa sababu umeanza kujisikia vizuri.

Somo la kwanza huwa ni kuona jambo moja zuri kwa siku, na hapa ndo wengi tunakosea. Usiku unafungua daftari unaandika "namshukuru Mungu kwa uzima" unafunga. Sio vibaya, ila hiyo umeiandika bila kukumbuka chochote, haina kazi hapa. Andika kitu kilichotokea leo: mvua imenikuta kituoni, mama muuza mihogo akanisogezea ndoo nikakaa chini ya mwavuli wake na wala sikununua kitu, akaniuliza tu mwanangu umelowa? Alafu kaa na hiyo picha dakika moja, mkono wake, harufu ya mihogo, kisha kesho msimulie mtu, hata kwa voisi noti. Kusimulia ni sehemu ya zoezi, usiruke kwa aibu.

Yapo mengine, shukrani, kutulia na pumzi yako, kujua unachoweza, kumfanyia mtu wema mdogo, hayo utayaelewa yenyewe. Gumu ni lile la kuligeuza jambo baya ulitazame upande mwingine, usianze na msiba wala deni la vikoba, utajiona unajidanganya na utaacha kozi, anza na foleni au mtu ambaye hajajibu meseji yako. Na lile la malengo, punguza mpaka uone aibu: sio nitafua nguo zote, sema shati mbili.

Adui mkubwa ni kuacha, maana hakuna mwalimu wa kukuuliza na sonona yenyewe inakula hamu. Mie siku mbili za kwanza nilimaliza masomo matatu kwa pupa, wiki iliyofata sikufungua kabisa. Nenda somo moja kwa wiki, lifungamanishe na kitu unachofanya kila siku (mie ni baada ya kuchemsha chai ya usiku), andika kwenye daftari la karatasi maana simu ukiishika utajikuta kwenye status za watu, na mtafute rafiki au ndugu mmoja anayejua unafanya hii kitu akuulize tu "umeandika?". Ukiruka siku tatu usilipe deni, endelea na ya leo.

Kozi nyingi ziko kwa Kiingereza, ukikwama mwambie anayeelewa akutafsirie maelekezo mara moja, mazoezi yenyewe fanya kwa lugha unayoota nayo.

Wiki ya tano au sita rudia ile fomu, linganisha namba. Ikiwa pale pale au imepanda, chukua zote mbili na daftari lako mpelekee daktari, atakuwa na pa kuanzia.